Subana ya Mama

Oya mwanangu wa ndoana, sogea hapa. Hata kama hujawahi kushika ufito wa kuvulia maishani mwako, sogea tu, maana haya si mambo ya samaki peke yake.

Naitwa Janine Thurlby, nina miaka kumi na tisa, nakaa Hexby kando ya mto Withe. Hizi ni barua zangu na za baba yangu mdogo, Desmond, ambaye yuko visiwa vya Shetland tangu nikiwa mtoto. Zake ninazo zenyewe. Zangu nilikuwa naziandika kwanza kwenye daftari, nafuta, narudia, ndiyo nazinakili kwenye karatasi safi, kwa hiyo nazo zipo.

Kitu kimoja tu ukijue kabla hujaanza. Samaki wa mtoni huku kwetu hatumli. Tunamvua, tunamweka hai kwenye wavu mrefu uliotumbukizwa majini, shindano likiisha tunampima kwenye mizani, halafu tunamrudisha mtoni aende zake. Mwenye uzito mkubwa ndiye bingwa. Basi. Soma, na ukifika mwisho nina swali.

*

Hexby, 9 Februari 1986

Shikamoo Baba Mdogo,

Habari za huko kwenye upepo? Sisi wazima, ukiacha goti la Mama ambalo linatabiri mvua kuliko redio. Mbwa wetu Biskuti amezeeka, anabweka akiwa amelala. Mimi nimepata kazi kwenye shamba la funza. Usicheke. Tunaning'iniza nyama iliyooza, nzi wanataga, funza wanadondoka, tunawapepeta kama mchele, tunawatia rangi nyekundu na kuwauza kwa wavuvi. Nikirudi nyumbani Mama ananivulisha viatu na koti nje ya mlango. Mwanzo nilitapika siku tatu mfululizo. Sasa nakula mkate huku nimewashika mkononi. Funza wenyewe ukiwaosha hawana neno, kinachonuka ni nyama.

Haya. Hukuja kwenye mazishi ya Baba mwezi wa kumi na moja. Mama alisema nisikuandikie, nami naandika bila yeye kujua, kwa hiyo jibu kwa anwani ya shambani.

Klabu ya wavuvi inataka kumwekea Baba benchi lenye jina lake pale kigingi namba 14, mojawapo ya nafasi za kuvulia kando ya mto, na shindano la Agosti liitwe Kombe la Len Thurlby. Benchi litafunuliwa tarehe 16 Juni, mto ukifunguliwa kwa msimu wa uvuvi. Bwana Ambler, katibu, amenitaka niseme maneno machache. Mimi, mtoto wa kike, mbele ya wanaume wote wale ambao hata kunifundisha kufunga ndoana walikataa. Vyote nimejifundisha mwenyewe, kwa kuwachungulia.

Nataka uje. Wewe ndiye ndugu yake pekee. Lakini sitakudanganya, Baba Mdogo, nakuonea kinyaa. Agosti ya 1974 nilikuwa na miaka saba, nimekaa juu ya sanduku la Baba nakula pai ya nyama. Baba alikuwa namba 14, wewe namba 15. Baba akawa wa kwanza, wewe wa pili, samaki wote wakarudishwa majini. Baada ya saa nzima brimu mmoja, yule samaki wa mtoni mwenye ute, akaelea kwenye matete katikati yenu, tumbo juu. Namkumbuka, mpana kama sahani, ute unamchuruzika kama makamasi. Ambler akampasua kwa kisu. Zikatoka chubwi nne, vile vizito vya madini ya risasi vya kuzamishia ndoana, alizosukumiwa kooni akiwa hai ili aongeze uzito kwenye mizani. Akauliza huyu wa nani, na wewe ukasema, wangu.

Pai ile nilitapikia viatu vyangu.

Mpaka leo wanakucheka. Wanasema Des Thurlby ndiye mwizi pekee duniani aliyeiba na bado akashindwa. Njoo, simama hata nyuma kabisa, useme samahani kidogo, yaishe.

Na swali la pembeni, maana wewe ulikuwa unaujua mto ule kuliko wote: brimu wa pale 15 wanavuliwaje? Nimejaribu miaka miwili, napata wadogo tu.

Mwanao,
Janine

*

Lerwick, Shetland, 2 Machi 1986

Mwanangu Janine,

Marahaba. Barua yako imekaa bandarini siku tisa, meli ilikuwa haivuki. Mimi mzima. Bado niko kwenye banda la kutumbua samaki wa baharini, mikono imekuwa kama ya chura. Pole ya msiba. Msalimie mama yako, au usimsalimie, wewe utaona.

Sitakuja.

Sasa sikia kuhusu namba 15. Kosa lenu wote mnatupa mbali. Usitupe mbali. Funga chubwi kubwa kwenye ndoana upime kina, utaona kuna ngazi chini ya maji, hatua tatu tu kutoka kwenye matete, pale sakafu inashuka ghafla. Brimu wanapita ukingoni mwa ngazi hiyo kama ng'ombe njiani. Chukua chenga za mkate, zilowanishe, finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa, tia funza wachache ndani. Tupa matano mwanzoni, halafu kaa. Usiongeze kila dakika kama unalisha kuku. Wakija utaona vipovu.

Na jambo kubwa ni boya. Samaki wengine wakidonoa, boya linazama. Brimu hazamishi. Anainama, anakiokota chambo chini, halafu anainuka nacho, kwa hiyo anaibeba ile chubwi ndogo na boya linapanda na kulala ubavu juu ya maji. Wengi wanalitazama limelala wanafikiri ni upepo. Likilala, vuta.

Mto unafungwa tarehe 15. Ukiipata hii mapema utakuwa na siku mbili tatu.

Ya 1974 usiulize tena.

Wako,
Des

*

Hexby, 23 Machi 1986

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua ilifika tarehe 11. Tarehe 12 nilitoka kazini hata kuoga sikuoga, nikaenda namba 15. Ngazi ipo. Miaka miwili nimekuwa natupa chambo katikati ya mto kumbe samaki wako miguuni pangu. Vipovu vikaja, boya likapanda, likalala chali kabisa. Nikavuta. Ratili nne na wakia sita, Baba Mdogo. Ute ukanijaa mpaka kwenye viwiko, koti likanata, harufu imekaa siku tatu hata Biskuti alinikimbia, na yule ni mbwa anayelamba mapipa. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Halafu nikarudi kuisoma barua yako na nikakasirika. Ukurasa mzima wa brimu, na kuhusu ndugu yako aliyekufa neno moja. Sitakuja. Hata mimi nikikataa mwaliko wa chai naeleza sababu.

Habari za nyumbani: Mama anashona kitambaa cha kufunikia benchi, kijani, pindo la herufi L na T. Anajichoma kidole kila dakika, anailaani subana yake iliyopotea, ile ya shaba ya kuvaa kidoleni aliyoachiwa na bibi yake. Imepotea tangu nikiwa mdogo. Anayo nyingine ya fedha aliyoletewa na Baba, lakini haivai, anasema inambana. Iko kwenye kabati inang'aa bure.

Nimeanza kusafisha banda la Baba. Unajua alivyokuwa, fundi bomba hatupi kitu. Mabomba ya zamani, vipande vya risasi, taa ya kuyeyushia, makopo hamsini yenye misumari.

Na jana nilikwenda kwenye chumba cha klabu kule nyuma ya baa, kumpelekea Ambler kilo mbili za funza. Hivi ulijua kwamba zile chubwi nne bado wanazo? Ziko rafuni, kwenye chupa iliyokuwa ya vitunguu vya siki, na karatasi imebandikwa: DESMOND THURLBY, AGOSTI 1974. Mwanachama mpya akijiunga anaonyeshwa. Kuna mzee mmoja huwa anaitikisa ile chupa wakati wa kupiga kura ya nani akae kigingi kipi, inalia kocho kocho, watu wote wanacheka. Anaitikisa, halafu anatia mkono huohuo kwenye bakuli la karanga. Nilisimama pale nikiwa nanuka nyama iliyooza na nikaona mimi ndiye msafi.

Nimezitazama vizuri. Si chubwi za dukani. Zina umbo la ajabu, kama vikofia.

Ulizitengeneza kwa kutumia nini?

Janine

*

Lerwick, 20 Aprili 1986

Mwanangu Janine,

Marahaba. Hongera ya brimu. Ratili nne na wakia sita kwa mara ya kwanza ni kubwa, mimi wa kwanza alikuwa na mbili. Huku jua limeanza kukaa. Nimepata kikohozi, kimeondoka.

Mwanangu, acha lile banda. Makopo yale uza kwa mnunuzi wa vyuma kama yalivyo, hakuna haja ya kuyafungua moja moja, yana kutu, utajikata. Mwambie mama yako apumzishe goti.

Kwenye benchi useme baba yako alikuwa fundi mzuri na aliupenda mto. Yote mawili ni kweli.

Des

*

Hexby, 4 Mei 1986

Nimeyafungua.

Kopo la tumbaku, chini kabisa, limefungwa kwa utepe mweusi mizunguko mitano. Ndani kuna kijiko cha kuyeyushia risasi na subana ya Mama. Ndani ya subana kuna risasi imegandia, aliyeimimina hakuwahi hata kuitoa. Ya mwisho hiyo, ilimshinda.

Sijakusalimia, najua. Shikamoo. Mama hajambo. Biskuti hajambo.

Nikaitoa ile iliyogandia kwa msumari, ikachomoka nzima. Nikaitia subana mfukoni, nikaenda klabuni, nikamwambia Ambler nitapangusa rafu kwa ajili ya sherehe. Akafurahi, akaniachia ufunguo. Nikafungua ile chupa. Bado inanuka siki, Baba Mdogo, siki na kitu kingine. Nikatoa moja nikaitia kwenye subana. Ikaingia kama kidole. Nikatoa ya pili, ikaingia. Subana ina vishimo vidogo vilivyochongwa safu safu, na kimoja kimebonyea ndani pale Mama alipoikanyaga kwa kisigino mwaka gani sijui, nimeisikia hadithi hiyo mara mia. Zote nne zina kovu hilohilo. Nilikaa sakafuni nikazirudisha chupani moja moja.

Wewe hukuwa na ufunguo wa nyumba yetu. Hukuwa na taa ya kuyeyushia. Wewe ulikuwa unafanya kazi kwenye duka la mikate.

Mtu anachukua subana ya mke wake. Anayeyusha, anamimina, anangoja ipoe, anachomoa, anamimina tena. Si hasira ya dakika moja hiyo, ni jioni nzima, huenda mimi nilikuwa sebuleni. Halafu kesho yake anamshika samaki hai, anamfungua mdomo ule laini usio na meno, anasukuma kwa kidole. Kidole kilekile kilichokuwa kinanifuta uso. Tangu Jumatatu siwezi kula. Mkate ukinigusa ulimi nasikia ute. Naamka nasugua uso mpaka umekuwa mwekundu. Nazunguka kazini kwenye nyama yenye mabuu, sisikii chochote, halafu naona picha ya Baba juu ya redio, amekumbatia kombe, anacheka, na natapika.

Na Ambler, sikia hii. Anataka siku ya sherehe aiweke ile chupa mezani, karibu na benchi, ili watu waone, maneno yake haya, ukoo mmoja unaweza kutoa mtu safi na mtu mchafu.

Niambie ndiyo au hapana tu. Alikuwa Baba?

Na kama ndiyo, wewe una wazimu gani? Miaka kumi na miwili?

Janine

*

Hexby, 25 Mei 1986

Shikamoo Baba Mdogo. Wiki tatu. Nimeuliza posta, wanasema meli zinavuka kila siku.

Zimebaki siku ishirini na mbili. Mama amemaliza L, yuko kwenye T.

Janine

*

Lerwick, 1 Juni 1986

Mwanangu Janine,

Marahaba. Tuko salama. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichoma jikoni. Mwenye nyumba wangu anafikiri nimepata mchumba.

Ndiyo.

Nitakueleza mara moja, na tukionana uso kwa uso usinirudishe huko. Mwaka ule walikuwa wanatafuta nahodha wa timu ya kwenda kwenye mashindano ya wilaya. Baba yako aliutaka unahodha ule kama mtu anavyotaka hewa. Aliishi maisha yake yote amepiga magoti chini ya masinki ya watu wengine. Alitaka siku moja watu wamtazame amesimama. Na mimi nilikuwa namshinda kila Jumapili, bila hata kujitahidi, na nilikuwa namtania. Nilimtania mno, hilo ni langu.

Siku ile nilijua kabla ya mizani. Brimu wake walikuwa wanakaa chini ya wavu kama matofali. Nikanyamaza, nikafikiri ni macho yangu. Alinishinda kwa wakia kumi. Basi yule mmoja akaelea. Ambler akaja na kisu, na Len akanivuta kwenye matete, ameshika mkono wangu kwa mikono miwili, analia kimya kimya. Akaniambia, "Nina mtoto, Des. Yule pale anakula pai. Wewe huna mtu. Nipe wiki moja tu, nitakwenda kusema mwenyewe."

Nikageuka, nikakuona. Nikasema wangu.

Wiki hiyo bado haijaisha.

Hilo ningelimeza. Umeniuliza wazimu gani, na wazimu wangu ni huo, nilimpenda. Lakini siku ya nne waliita mkutano, chumba kilekile, kupiga kura nifukuzwe maisha. Ambler akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wa Len. Hakungoja hata wa pili. Nilikuwa nimekaa karibu yake, nikaziona kucha zake, chini yake bado kulikuwa na ute mkavu wa brimu, mweupe kama gundi. Siku nne, hajanawa vizuri. Ni zile kucha nilizozikimbia mpaka huku. Natumbua samaki elfu moja kwa siku, matumbo yananirukia usoni, sijawahi kusikia kichefuchefu kama cha mkono ule.

Na kuna jambo jingine. Mmoja alielea. Wengine waliokuwa kwenye wavu wake waliogelea wakaenda na mizigo yao tumboni. Sijashika ufito tangu siku hiyo.

Sasa unajua. Usiniulize ufanye nini, maana kila ninaloweza kukuambia lina faida yangu ndani yake. Yupo mama yako. Amemzika mume, na kitambaa anakishona kwa mkono wake. Litazame hilo pia.

Wako,
Des

*

Hexby, 17 Juni 1986

Shikamoo Baba Mdogo,

Naandika nimekaa kwenye benchi lenyewe, kazini sikwenda, mvua inanyunya kidogo. Nianze na salamu: goti la Mama limetulia, Biskuti ameiba pai mbili za sherehe. Barua yako ilifika tarehe 12.

Usiku wa kuamkia jana sikulala. Nilipanga maneno matatu tofauti. La kwanza, fundi mzuri aliyeupenda mto. La pili, kila kitu. La tatu lilikuwa kukimbia.

Watu walijaa. Walivaa tai. Ambler aliiweka ile chupa juu ya meza, pembeni ya sandwichi, kama alivyosema, na yule mzee wa karanga akaitikisa mara moja, kocho kocho, wakacheka. Kitambaa kikavutwa, likaonekana benchi na kibao cha shaba, LEN THURLBY, MVUVI MWAMINIFU. Mwaminifu, Baba Mdogo. Wamelichonga.

Ambler akaniita. Nilisimama. Maneno yote matatu yalikwama kooni, na unajua nilichokifikiria? Nilifikiria yule brimu. Basi nikaenda mezani. Nikafungua chupa, nikamwaga zile nne kwenye sahani ya sandwichi, nikatoa subana mfukoni, nikaanza kuzitia ndani moja moja. Naingiza, naonyesha, natoa. Naingiza, naonyesha, natoa. Nilipofika ya tatu nikamsikia Ambler akiuliza kwa sauti ya chini hiki ni kichekesho gani, na subana hiyo imetoka wapi.

Mama akasema, "Hiyo ni yangu."

Alikuwa amekaa kiti cha mbele, kitambaa amekikunja mapajani. Hakuinuka hata. Alimtazama Ambler kama anavyomtazama mtu aliyeingia na matope. Akamwambia ilipotea juma lile la shindano, na kwamba wakati ule hakumwambia mtu yeyote kuwa imepotea, hata mume wake. Kisha Jumamosi iliyofuata mume wake akamletea mpya ya fedha.

"Sikumwambia imepotea," alirudia. "Akaniletea mpya."

Nilikaa chini kwenye majani. Kumbe alijua miaka yote ile. Anajichoma vidole, anailaani, ile ya fedha haivai. Boya lilikuwa limelala mezani kwetu kila siku na mimi natazama nafikiri ni upepo.

Baadaye nyumbani nilimsomea barua yako ya mwisho, kisha nikamuuliza kwa nini hakusema. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akasema alikuwa anamngoja Len amwambie mwenyewe, na kila siku aliyongoja ikawa ngumu zaidi kuuliza, na mwishowe akajikuta na yeye ni mwizi. Akasema, "Des alimwacha mtoto wangu ale pai yake kwa raha, nami nikamwacha yeye aondoke." Alipogeuka nikaona kinyaa cha nafsi yake kimemjaa usoni, nikamchukulia taulo. Sikujua cha kufanya kingine. Ameniambia nikuandikie kwamba chumba cha nyuma kina kitanda, na kwamba anakuomba, si anakualika, anakuomba.

Na kule mtoni, kabla hatujaondoka, klabu ilikutana palepale kwenye majani. Nusu saa. Wamefuta kufukuzwa kwako, kwa mikono yote. Nilihesabu kucha zao, utanisamehe. Wanakurudishia kigingi namba 15. Kombe la 1974 wanakuletea wewe. Yule mzee wa karanga alikuja kunishika mkono, nikauficha nyuma.

Halafu Ambler akaibandua ile karatasi yenye jina lako. Nilifikiri atairusha chupa mbali. La. Ametoa karatasi mpya nyeupe mfukoni, ameibandika palepale, ametoa kalamu, akanipa mimi vyote viwili, chupa na kalamu. Akasema klabu lazima iwe na fundisho lake rafuni, ndiyo desturi, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa Len ni haki yangu niandike jina kwa mkono wangu.

Ninayo hapa mapajani. Njoo.

Janine

*

Lerwick, 22 Juni 1986

Mwanangu Janine,

Marahaba. Mwambie mama yako nitafika Jumamosi ya tarehe 5, bahari ikikubali. Aniwekee kitanda mbali na dirisha. Nimenunua ufito.

Kuhusu ile chupa sikupi shauri. Ila usiitupe mtoni. Mto ule umeshakula risasi za kutosha za ukoo wetu.

Des

*

Basi ndiyo hivyo, mwanangu wa ndoana. Leo ni Ijumaa, Baba Mdogo anafika kesho, Mama anapiga pasi shuka akiwa na subana kidoleni ingawa hakuna anachoshona. Kesho kutwa klabu inaitaka chupa yake irudi rafuni.

Nimeiosha mara tatu kwa maji ya moto na bado inanuka siki. Nikiandika jina la Baba, ni kweli, na kila mvulana atakayejiunga atatikisiwa chupa mbele yake, kocho kocho, wacheke, watie mikono kwenye karanga. Nikiacha nyeupe, nimemfanyia alichofanyiwa na Mama na Baba Mdogo miaka kumi na miwili, kumfichia, na mwisho wake umeuona. Kwenye benchi ameandikwa mwaminifu, na hilo nalo bado lipo, nimelikalia.

Kalamu iko mkononi mwangu. Ungekuwa wewe, ungeandika nini?